Kidondosha oili cha cheni: mfungie anayekihitaji, mwingine muuzie brashi

Leo naongea na nyie wenye maduka ya spea za pikipiki, na mafundi ambao pembeni ya banda mmeweka na rafu mbili tatu za vifaa. Kama una kijiwe cha boda mbele ya duka lako, hii inakuhusu.

Kuna kifaa kimeanza kuulizwa sana na madereva, hasa hawa wa umri wetu wanaoshinda kwenye simu. Anakuja anakuonyesha video: pikipiki kubwa ya Ulaya, ina kichupa cha oili kimefungwa ubavuni, mpira mwembamba unashuka mpaka kwenye sproketi ya nyuma, oili inadondoka yenyewe tone kwa tone wakati chombo kinatembea. Anakwambia, "Bro, nifungie hii kitu, nimechoka kununua cheni." Wengine wanaita oila. Mimi naita kidondosha oili, maana ndiyo kazi yake.

Mi nina duka Makambako, na mzigo wa jumla naupeleka Njombe mwenyewe kwa pikipiki, kilomita kama 60 kwenda, 60 kurudi. Kwa hiyo cheni naiuza na cheni naitumia. Msimamo wangu ni huu: kifaa kinafanya kazi, ila siyo cha kila mtu, na ukimfungia kila anayekuja na hela utajikuta umeuza malalamiko.

Tuanze na cheni yenyewe, kwa sababu wauzaji wengi hatujui tunachouza. Pikipiki nyingi za kazi huku kwetu zinatumia cheni ya kawaida namba 428, isiyo na vimpira ndani. Kila pingili ina pini, juu ya pini kuna bushi, juu ya bushi kuna rola. Kinacholika ni kati ya pini na bushi. Pale ndani oili ikikauka chuma kinasaga chuma, kila pingili inaongezeka kidogo, na ukijumlisha pingili zote cheni inakuwa ndefu. Tunasema "cheni imevutika", lakini haijavutika kama mpira. Imelika.

Na unaweza kupima, huhitaji kubahatisha. Pingili moja ya 428 ni milimita 12.7 kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini inayofuata. Ukihesabu pingili 20 za cheni mpya unapata milimita 254. Chukua futi kamba, vuta cheni ikaze, pima pingili 20. Ikifika 259 hiyo imeongezeka asilimia 2, mwambie mteja aanze kutafuta hela. Mi futi kamba yangu inaning'inia kwenye msumari mlangoni na kupima ni bure. Mteja akishaona namba kwa macho yake, maneno ya "wewe unataka kuniuzia tu" yanaisha.

Sasa adui wa cheni Njombe anajulikana. Kiangazi ni vumbi jekundu, ukitoka tu lami kuingia njia za mashambani. Masika ni tope, na huku mvua haina haraka ya kuondoka, ikianza Novemba unaweza kuwa nayo mpaka Aprili au Mei. Juu ya hapo weka mzigo: gunia la viazi, kreti za parachichi, mbao, na abiria kakaa juu ya mbao. Maji yanaosha oili, vumbi linaingia mahali pa oili. Ukipaka oili juu ya vumbi bila kusafisha, umetengeneza msasa wa maji unaozunguka na cheni.

Hapo ndipo wazo la kudondosha oili linapopata maana. Tone dogo kila baada ya muda linarudisha kilichooshwa na linasukuma uchafu nje kabla haujaganda. Wazungu wana aina kadhaa. Ile ya Scottoiler ya Scotland, ya zamani, inatumia mvuto wa hewa wa injini: injini ikiwaka, oili inashuka, ukizima inakata. Kuna za umeme zinazosikia chombo kikitembea. Na kuna za bei nafuu zinazotegemea oili kushuka kwa uzito wake tu, kama dripu ya hospitali. Hizi za mwisho ndizo mafundi wetu wanaziiga: chupa ndogo, mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa pamoja na kale kagurudumu ka kupunguzia, na kamba za plastiki za kufungia nyaya. Vifaa vyote havifiki elfu tano.

(Nimesema mpya. Ukiletewa mpira wa dripu uliokwisha tumika wodini usiushike, hata uoshwe vipi.)

Ile ya mvuto wa hewa siwashauri kabisa kwa hizi pikipiki zetu. Inabidi utoboe njia ya hewa kati ya kabureta na injini. Shimo likivuja kidogo tu, hewa inazidi petroli, chombo kinakosa nguvu na kinachemka, na mteja atasema duka lako ndilo limemuulia injini. Atakuwa hajakosea.

Haya, tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Seti ya cheni na sproketi zake mbili dukani kwangu nauza 38,000. Dereva anayefanya kazi kweli, wa njia za vumbi, namuona anarudi baada ya miezi 5 hivi. Gawanya: ni 7,600 kwa mwezi. Sasa chukua kidondosha oili ukifuate kama kule Ulaya wanavyoelekeza, tone moja au mawili kwa dakika. Tuseme moja. Saa 8 za kutembea ni matone 480. Mpira wa dripu wa kawaida unatoa matone 20 ya maji kwa mililita moja, tone la oili ni dogo zaidi, kwa hiyo kwa siku haitazidi mililita 24. Nusu lita ya oili ya gia inakaa wiki tatu au zaidi kidogo. Nusu lita nauza 5,000. Kwa mwezi anakaribia 7,000 ya oili peke yake.

Umeona? Oili ya mwezi inakaribia bei ya cheni ya mwezi. Hata cheni ikigoma kabisa kulika, huyu mtu ameokoa mia sita.

Wenzetu kule hesabu inakubali kwa sababu seti ya cheni ya pikipiki kubwa inaweza kuzidi pauni 100, na mwenye nayo anaendesha wikiendi tu. Sisi cheni yetu ni ya bei nafuu na chombo kinatembea tangu alfajiri. Kifaa ni kilekile ila mfuko siyo uleule.

Kwa hiyo mi nikifunga, napunguza mpaka tone moja kila dakika tatu. Hapo ni matone 160 kwa saa 8, haizidi mililita 8, nusu lita inafika miezi miwili. Gharama inashuka mpaka 2,500 kwa mwezi. Sasa tuseme cheni imefika miezi 8 badala ya 5. Seti inakuwa 4,750 kwa mwezi, jumlisha oili 2,500, jumla 7,250. Ameokoa 350. Ikifika miezi 10 anaokoa 1,300. Ni hela, ndiyo, lakini siyo ile hela ya kwenye video.

Linganisha na brashi. Brashi ya zamani ya viatu, mafuta ya taa kidogo ya kusafishia, kitambaa, halafu kijiko kimoja cha oili ya gia upande wa ndani wa cheni, kila baada ya siku mbili. Kijiko ni mililita 5, yaani shilingi 50. Kwa mwezi ni 750. Masika afanye kila jioni, ni 1,500. Afanye jioni cheni ikiwa bado ya moto, oili ipate usiku mzima kuingia ndani. Asubuhi ukipaka na kuondoka hapohapo inarushwa yote kwenye rimu. Na injini iwe imezimwa! Tairi linazungushwa kwa mkono. Kusafisha cheni huku gia imeingia na injini inanguruma ndiko kunakoacha watu bila ncha za vidole.

Utasema basi kifaa cha nini kama brashi inashinda? Kinafaa kwa mtu ambaye brashi haimfikii. Kuna dereva anatoka Makambako saa kumi na moja alfajiri, anakwenda vijiji vya kuelekea Lupembe, anarudi na mzigo usiku, mvua imemnyeshea njia nzima. Cheni yake imepakwa oili asubuhi, saa nne imeshaoshwa, saa tano mpaka usiku inatembea kavu. Huyu hawezi kusimama kila kilomita 40 kutoa brashi. Na cheni yake ikikatika porini na magunia mawili ya viazi, hasara siyo 38,000. Ni safari, ni mteja wake, ni kusukuma chombo kwenye tope. Huyo mfungie, tena usimuahidi kuokoa hela ya cheni. Mwambie ukweli kwamba ananunua utulivu wa njiani.

Yangu ya kubebea mzigo nimefunga kwa sababu hiyohiyo. Seti iliyopo ina miezi minne na futi kamba inasoma 255 na kidogo. Pikipiki moja siyo utafiti, na mi nasafisha sana kuliko wengi, kwa hiyo usiende kumnukuu mtu.

Wa pili wa kumfungia ni mwenye chombo chake mwenyewe. Hili la umiliki watu wanalipita haraka na ndilo linaloua biashara ya hiki kifaa. Angalia dereva wa hesabu: kila jioni anapeleka fungu la bosi, petroli juu yake, vitu vidogovidogo juu yake. Seti ya cheni kwa wengi ni juu ya bosi. Sasa oili ya kwenye kichupa atanunua nani? Dereva. Na cheni ikidumu faida anapata nani? Bosi. Unadhani dereva atajaza? Atajaza mara ya kwanza uliyompa bure, mara ya pili ataweka oili chafu ya gereji, mara ya tatu kichupa kitakuwa pambo. Simlaumu hata kidogo, hata mimi ningefanya hivyo. Kwa hiyo akija dereva wa hesabu namwambia aje na bosi wake au anipe namba nimpigie, tukubaliane oili ya kichupa inatoka upande gani. Mabosi wengine wanaelewa mara moja. Wengine wanakata simu.

Wa mkataba yuko katikati. Akibakiza miezi michache chombo kiwe chake, roho yake tayari ni ya mwenye mali. Akiwa ndiyo kwanza ameanza, anawaza rejesho la leo tu.

Kuhusu oili chafu nimeongea mpaka nimechoka lakini narudia. Ile nyeusi inayomwagwa gereji imebeba masizi na unga wa chuma. Kwenye brashi ni mbaya, kwenye kidondosha ni mbaya zaidi, inaziba mpira. Oili ya gia namba 80W-90 inatosha. Grisi nayo siyo ya kupaka juu, inakaa nje ya cheni ikikusanya vumbi na ndani pini inalia kiu.

Sasa ufungaji, na hapa naomba usome polepole kwa sababu linahusu uhai wa mtu.

Oili ikifika kwenye tairi la nyuma, abiria wawili wanaweza kulala barabarani kwenye kona ya kwanza. Kidondosha cha aina ya dripu hakijui kama chombo kinatembea au kimesimama. Boda yuko kijiweni saa mbili anasubiri abiria, oili inashuka tu. Inatiririka kwenye sproketi, inafika kwenye rimu, inakaa ubavuni mwa tairi. Halafu kinyunyu kinaanza. Ndiyo maana bila koki ya kufunga kabisa mi sifungi, na mahali pa koki ni pale ambapo mkono wake unapita akichomoa funguo, siyo chini ya siti. Dereva ambaye namuona ni msahaulifu namuuzia brashi, hata akasirike.

Ncha ya mpira iguse ubavu wa sproketi kubwa, upande wa chini, karibu na meno. Sproketi ikizunguka inairusha oili kwenda nje, inaingia kwenye cheni yenyewe. Ukiiweka juu ya cheni, nusu inarushwa hewani. Mpira ufungwe kwenye ule mkono unaoshika tairi la nyuma, uwe mbali na spoki na mbali na ekzosi, usiwe na kipande kinachoning'inia. Kichupa kiwe na tundu dogo la hewa juu, la sivyo oili inagoma kushuka, lakini tundu lisitazame mvua. Ukimaliza, mwambie azunguke dakika kumi, aegeshe, weka kipande cha boksi nyuma ya tairi na chini ya sproketi. Futa ubavu wa tairi kwa karatasi nyeupe. Ikitoka na oili, punguza. Usimwache aondoke na abiria kabla karatasi haijatoka safi.

Na mpira wa dripu haukutengenezwa kwa oili. Baada ya muda unakakamaa kama mfupa na unapasuka kwenye kona. Mi nabadilisha mteja akija kujaza, sisubiri upasuke.

Kuna kitu cha baridi ambacho video za Ulaya hazitakusaidia. Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi unajua wenyewe, mikono inaganda kwenye usukani. Oili nayo inaganda, inakuwa nzito kama asali. Ukiweka kipimo asubuhi ile, tone kila dakika tatu, saa saba jua likitoka inadondoka mara mbili yake. Ukishuka Makambako inaongezeka tena, na mtu akienda mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Ludewa, joto la kule litamwaga kichupa chote. Kwa hiyo kipimo kiwekwe mchana, chombo kikiwa kimetembea. Asubuhi itadondoka kidogo mno, sawa, afadhali cheni ikose tone kuliko tairi lipate.

Nisisahau kava. Nusu ya boda wanaokuja kulalamika kuhusu cheni wamevua kava la cheni, eti linapiga kelele, au lilivunjika wakalitupa. Kava ndilo linalozuia tope la tairi kutua kwenye cheni. Kabla hujamwambia mtu habari ya kidondosha, muulize kava liko wapi. Kulifunga vizuri na boliti zake ni hela ndogo na halihitaji kujazwa oili.

Jirani yangu mmoja wa spea aliniambia namaliza biashara yangu kwa mikono yangu, kwamba cheni zikidumu nitakula nini. Nilimuelewa, kwa mwaka kwa mteja mmoja seti moja pungufu ni faida ya 6,000 imeondoka. Lakini angalia anayekuja kujaza kichupa. Anafika dukani kila baada ya miezi miwili hata kama hakuna kilichoharibika. Nampimia cheni, naona tairi limeisha, naona taa ya nyuma haiwaki, naona kebo ya klachi imebaki nyuzi tatu. Vyote hivyo viko kwenye rafu yangu. Yule wa cheni kavu nilikuwa namuona ikikatika tu, na ikikatikia Njombe ananunua Njombe, mi hata sijui.

Bei yangu ya kufunga ni 10,000 na vifaa vyote, pamoja na oili ya kwanza na kurudi mara moja kurekebisha kipimo. Kwa wa brashi nimetengeneza kifurushi: brashi, kitambaa, kichupa cha oili ya gia mililita 100, kwa 2,000. Mpaka sasa brashi zinatoka zaidi, na kwa kijiwe cha pale mjini ambako safari ndefu ni kutoka stendi mpaka TAZARA, ndivyo inavyotakiwa.

Mwezi wa sita unakuja. Wale niliowafungia kipindi cha mvua pitieni tuangalie upya kipimo, njooni mchana na chombo kiwe cha moto. Kupima ni bure.